Shingo Inayojipinda Yenyewe: Mwongozo wa Kutibiwa kwa Sindano za Botulinamu

Kuna watu ambao shingo zao haziwatii. Mtu ameketi, anataka kutazama mbele, kichwa kinavutwa polepole kuelekea bega la kulia. Anakirudisha, kinavutwa tena. Ikifika jioni misuli imechoka na inauma, na kesho yake mambo ni yaleyale. Ugonjwa huu unaitwa distonia ya shingo: ubongo unatuma amri ya kukaza kwa misuli ambayo mwenyewe hakuiomba ikaze.

Tiba ambayo madaktari wa mishipa ya fahamu huitanguliza ni kuchoma sumu ya botulinamu ndani ya misuli hiyo hiyo inayokaza. Inasaidia, na inasaidia watu wengi. Ila haifanani na kidonge unachomeza ukasubiri. Matokeo yake hutegemea mkono wa anayechoma na pia taarifa anazopewa na mgonjwa, na hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Inasikitisha mtu anapochomwa mara moja, akaona mabadiliko madogo au akapata taabu ya kumeza, akaamua kwamba dawa haimfai, akaendelea kuteseka miaka, kumbe awamu ya kwanza huwa ni ya kutafuta kipimo.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni distonia

Distonia ya shingo mara nyingi huanza kati ya miaka 40 na 60, na wanawake huipata zaidi kuliko wanaume. Huja taratibu. Mwanzoni mtu huhisi ugumu wa shingo, au watu wa karibu humuuliza mbona anakaa upande. Baada ya wiki au miezi kadhaa mwelekeo unakuwa dhahiri: kichwa kinageuka upande mmoja, au kinalalia bega, au kinainamia kifua, au kinavutwa nyuma. Wengi huwa na mchanganyiko wa mielekeo hiyo, na wengine huongezewa mtetemo, kichwa kikitikisika kama cha mtu anayekataa jambo. Maumivu huwapata walio wengi, na mara nyingi ndiyo yanayowafikisha hospitali.

Ipo dalili moja inayomsaidia sana daktari. Mgonjwa akigusa kidogo tu shavu, kidevu au kisogo kwa kidole, kichwa hurudi katikati kwa muda. Mguso huo hauna nguvu ya kusukuma chochote, lakini ubongo huupokea na kulegeza amri yake. Wengine hupata nafuu hiyo kwa kuegemeza kisogo kwenye kiti. Kama una mbinu yako ya namna hii, usiione aibu. Mwonyeshe daktari, kwa maana inatambulisha ugonjwa kuliko vipimo vingi. Tena, mvuto huu hupungua au hutoweka kabisa usingizini, na huzidi ukiwa umechoka, una wasiwasi au unatazamwa na watu. Kwa sababu hiyo wapo wanaoambiwa kwamba ni mawazo tu. Si kweli. Hofu na huzuni huandamana na ugonjwa huu mara nyingi, nazo zinahitaji matibabu yake, lakini kuzidi kwa dalili wakati wa wasiwasi hakugeuzi distonia kuwa ugonjwa wa kujitakia.

Shingo iliyokaza ghafla ukiamka asubuhi, ikauma, halafu ikaachia yenyewe ndani ya siku chache, huenda ni msuli wa kawaida tu uliokakamaa, na hiyo haihitaji botulinamu. Lakini zipo hali ambazo hupaswi kusubiri hata siku moja: shingo ngumu yenye homa, shingo iliyopinda baada ya ajali au kuanguka, na shingo inayoambatana na ganzi, udhaifu wa mikono au miguu, au kushindwa kuzuia mkojo. Mtoto ambaye shingo yake imepinda naye apelekwe haraka, kwa kuwa kwake inaweza kuwa jipu nyuma ya koo, pingili za juu za shingo zilizoteguka, au uvimbe katika sehemu ya nyuma ya ubongo.

Kisha zitazame dawa zako. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, pamoja na haloperidoli na klopromazini zinazotumika kwa magonjwa ya akili, zinaweza kuipinda shingo ndani ya saa au siku chache tangu mtu aanze kuzitumia. Hali hiyo hutisha sana, lakini sindano ya dawa pinzani, kama biperideni, huiondoa kwa muda mfupi. Dawa hizo hizo pia zinaweza kuacha distonia ya kudumu baada ya miezi au miaka ya matumizi. Ukiwa unatumia dawa ya ugonjwa wa akili usiikatishe mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia ajue kinachoendelea.

Kwa mtu mwenye umri wa chini ya miaka 40, daktari makini hataacha kuuliza kuhusu ugonjwa wa Wilson, ambapo madini ya shaba hujilimbikiza kwenye ini na ubongo. Huo hupimwa kwa damu, mkojo na uchunguzi wa macho, na una dawa zake zinazouzuia usiendelee kuharibu mwili. Kuupita bila kuuona na kukimbilia sindano za shingo ni hasara kubwa.

Hatua ya 2: Ielewe dawa unayochomwa

Neno sumu linawashtua watu, na wana haki ya kushtuka. Inatengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayesababisha botulizimu, yaani kupooza kunakotokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Justinus Kerner alichunguza watu waliodhurika kwa kula soseji zilizoharibika, akaandika kwamba huenda kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kingeweza kutuliza mishipa ya fahamu iliyozidisha kazi. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu wazo hilo kufika kliniki: mwaka 1980 daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, alichapisha matokeo ya kuitumia kunyoosha makengeza. Marekani iliidhinisha Botox, jina la biashara la dawa hii, kwa magonjwa ya macho mwaka 1989, na kwa distonia ya shingo mwaka 2000.

Kinachotokea ndani ya msuli ni hiki. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ukaze, ncha yake humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu ya aina A huingia kwenye ncha hiyo na kuikata protini iitwayo SNAP-25, ambayo bila yake kemikali haimwagiki. Msuli unalegea. Amri kutoka kwenye ubongo inaendelea kutumwa, ila haifiki. Ndiyo maana sindano hii haiponyi distonia yenyewe, na ndiyo maana inarudiwa: baada ya miezi mitatu hivi ncha za mshipa hujirekebisha na msuli huanza tena kusikia amri.

Ratiba yake uishike kichwani, maana itakuepusha na wasiwasi usio na sababu. Siku mbili za kwanza usitegemee kitu. Nafuu huanza kati ya siku ya tatu na wiki ya pili. Kilele huwa karibu na wiki ya nne hadi ya sita. Kuanzia wiki ya kumi hivi mvuto hurudi kidogo kidogo, na sindano inayofuata haipaswi kuchomwa kabla ya wiki 12 kutimia.

Kuna bidhaa kadhaa. Botox, Dysport na Xeomin ni za aina A; Myobloc, ambayo Ulaya huitwa NeuroBloc, ni ya aina B. Mwaka 2023 Marekani iliongeza Daxxify kwa ugonjwa huu. Hapa pana jambo la hatari ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua: yuniti za bidhaa moja si yuniti za nyingine. Kila mtengenezaji hupima nguvu ya dawa yake kwa njia yake mwenyewe. Kipimo cha kuanzia cha Dysport kwa shingo ni yuniti 500. Cha Xeomin ni 120. Cha Myobloc ni kati ya 2,500 na 5,000. Na kwa Botox wagonjwa wengi wa majaribio walipata kati ya 200 na 300 hivi. Mtu akihama kutoka dawa moja kwenda nyingine huku akihifadhi namba tu bila jina, anaweza kuchomwa mara mbili na nusu ya anachohitaji, au asipate kitu. Andika jina na namba pamoja, kila mara.

Hatua ya 3: Chagua mkono utakaokuchoma

Hapa silegezi msimamo. Mtu anayechoma botulinamu kuondoa mikunjo ya uso hana sababu ya kugusa shingo yako yenye distonia. Shingo imebeba koromeo, mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu ya mikono, na misuli yake imepangwa tabaka juu ya tabaka. Mtafute daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, hasa aliyejikita kwenye magonjwa ya mienendo ya mwili, au daktari wa tiba ya urekebishaji aliyefunzwa kazi hii.

Muulize maswali bila kuogopa. Amewachoma wagonjwa wangapi wa distonia ya shingo? Anatumia dawa gani, na anaitunza wapi? Anaongozwa na nini akichoma: vidole tu, altrasaundi, au kifaa kinachosoma umeme wa misuli? Kwa misuli ya juu inayoonekana na kushikika, daktari mzoefu anaweza kutegemea vidole. Kwa misuli ya ndani, au kwa mgonjwa ambaye awamu za nyuma hazikumsaidia, ningependelea sana kifaa. Altrasaundi humwonyesha sindano ilipo na mishipa ya damu ya kuepuka. Kifaa cha umeme humsikilizisha msuli unaokaza kweli, tofauti na ule unaojitahidi tu kuirudisha shingo mahali pake. Daktari mzuri hatachukizwa na maswali haya.

Kuhusu dawa bandia, usichukulie kirahisi. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa tahadhari kuhusu Botox bandia iliyowadhuru watu katika majimbo kadhaa, na baadhi walilazwa hospitali. Dawa halisi huja kwenye chupa ndogo iliyofungwa, yenye jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Nyingi hutunzwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Xeomin na Daxxify ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazovumilia joto la kawaida la chumba. Dawa za unga huchanganywa kwa maji ya chumvi ya hospitali, na nyingi hutumika ndani ya saa 24. Una haki ya kuiona chupa kabla haijafunguliwa.

Hatua ya 4: Jiandae kabla ya siku

Piga video. Hii ni kazi ya dakika tano na ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Keti kwenye kiti kisicho na egemeo la kichwa, simu iwe mbele yako kwa usawa wa macho, mabega yaonekane. Funga macho, kiache kichwa kiende kinakotaka, usikizuie. Kaa hivyo dakika moja. Kisha geuza kichwa kulia, kushoto, juu, chini. Onyesha mbinu yako ya kugusa. Tembea mbali na kamera na kurudi. Video ya namna hiyo ndiyo itakayolinganishwa na ya baadaye, kwa sababu kumbukumbu zetu kuhusu maumivu hudanganya: tukiwa na nafuu tunasahau tulikuwa wapi, na tukiumwa tunasahau kwamba tuliwahi kupata nafuu.

Andika pia mambo matatu ambayo shingo inakuzuia kufanya. Yawe mahususi. "Kusoma dakika kumi bila kushika kidevu." "Kutazama nyuma ninapovuka barabara." "Kulala upande wa kushoto." Haya ndiyo yatakayopima kama sindano imefaa, zaidi ya pembe ya kichwa kwenye kioo.

Kabla ya kuchomwa, daktari anapaswa kujua yafuatayo:

- Kama una myastenia, ugonjwa wa Lambert-Eaton, ugonjwa wa neva za misuli au udhaifu wowote wa misuli. Kwa watu hawa dozi ya kawaida inaweza kuleta udhaifu mkubwa.
- Kama tayari unapata taabu ya kumeza au kupumua.
- Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Usiziache mwenyewe, mara nyingi inatosha kupima damu kabla na kubana mahali palipochomwa kwa muda zaidi.
- Kama umepewa karibuni antibiotiki za jamii ya gentamaisini, au dawa za kulegeza misuli, maana huongeza nguvu ya sumu hii.
- Kama una mimba, unatarajia kuipata, au unanyonyesha.
- Kama una mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa Dysport haifai kwa watu hao.
- Kama umewahi kuchomwa botulinamu popote mwilini, kwa sababu yoyote, hata ya urembo, na lini.

Hilo la mwisho watu hulificha kwa aibu. Lisifichwe, dozi zinajumlishwa.

Hatua ya 5: Siku ya sindano

Siku hiyo usikisaidie kichwa. Wagonjwa wengi, kwa mazoea ya kujificha, huketi mbele ya daktari wakiwa wamekaza shingo ili kionekane kimenyooka, au wameshika kidevu. Mwache daktari auone ugonjwa wako ulivyo. Atakutazama ukiwa umekaa, umesimama, unatembea, macho yamefumbwa, halafu atapapasa misuli kutafuta iliyokaza na kuvimba. Wengine hutumia kipimo cha Toronto, kiitwacho TWSTRS, chenye alama 0 hadi 85 kwa kujumlisha ukali, ulemavu na maumivu. Omba uandikiwe alama yako.

Inafaa kujua mantiki ya uchaguzi wa misuli, kwa kuwa inashangaza. Kichwa kinachogeukia kulia hakivutwi na misuli ya kulia peke yake. Ule msuli mrefu wa mbele unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga na kidari hugeuza uso upande wa pili. Kwa hiyo kichwa kikigeukia kulia, daktari huchoma msuli huo wa kushoto, pamoja na msuli wa kisogo wa kulia. Kikilalia bega, huchomwa misuli ya upande kilikolalia, ikiwemo ule unaoinua bega. Kikivutwa nyuma, huchomwa misuli ya kisogo pande zote mbili. Kinachoinamia mbele ndicho kigumu kuliko vyote, maana misuli inayohusika iko ndani, jirani na koromeo, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

Sindano yenyewe ni nyembamba. Utachomwa mara kadhaa, misuli miwili hadi minne au zaidi, kila msuli sehemu moja au zaidi. Inauma kidogo na kuchonyota, na kazi yote huisha ndani ya muda mfupi. Dozi ya kwanza kwa kawaida huwa ya chini kwa makusudi. Usimsukume daktari aongeze.

Kabla hujaondoka, omba karatasi yenye mambo haya: jina la dawa, namba ya toleo, jumla ya yuniti, na yuniti ngapi zimekwenda kwenye msuli upi wa upande upi. Bila karatasi hii, awamu ya pili inaanza sifuri, hasa ukilazimika kubadilisha daktari. Siku hiyo usikande shingo wala kufanya mazoezi mazito.

Hatua ya 6: Linda koo wiki mbili za kwanza

Madhara mengi ni madogo na hupita: maumivu palipochomwa, uchovu kama wa mafua, mdomo kukauka (zaidi kwa aina B), na shingo kuhisi nyepesi mno, kichwa kikiwa kizito kukibeba. Linalohitaji umakini ni kumeza. Katika majaribio ya Botox kwa ugonjwa huu, asilimia 19 ya wagonjwa walipata taabu ya kumeza, kwa wengi ikiwa ya wastani au ndogo. Sababu ni kwamba sumu iliyochomwa kwenye misuli ya mbele ya shingo husambaa kidogo hadi misuli ya koromeo. Wenye shingo nyembamba, na wanaochomwa ule msuli mrefu wa mbele pande zote mbili, wako kwenye hatari zaidi. Kwa Botox, ushauri wa mtengenezaji ni kwamba yuniti zinazoingia kwenye msuli huo zisizidi 100.

Taabu hii kwa kawaida hujitokeza ndani ya wiki mbili za kwanza. Utaona tonge linakwama, au maji yanakupalia. Hapo kula vyakula laini, tonge dogo, tafuna vizuri, kaa wima, inamisha kidevu kidogo wakati wa kumeza, usizungumze huku unakula. Maji yakikupalia, mwulize daktari kuhusu kuyafanya mazito kidogo. Mara nyingi hali hupungua ndani ya wiki chache.

Lakini ukishindwa kumeza mate yako, ukikosa pumzi, sauti ikififia au kukwaruza ghafla, ukaona vitu viwiliviwili, kope zikalegea au mwili mzima ukawa dhaifu, nenda hospitali yenye huduma ya dharura mara moja na uwaambie ulichomwa botulinamu siku gani na dozi gani. Dalili hizi zinaweza kutokea saa chache baada ya sindano au hata wiki kadhaa baadaye. Ni nadra kwa dozi za shingo, ila mtu anayeishi nawe naye azijue, kwa sababu huenda wewe usiweze kuzungumza.

Hatua ya 7: Andika, wiki kwa wiki

Daftari dogo linatosha. Kila wiki, siku ile ile, andika namba mbili: maumivu kwa kumi, na mvuto wa kichwa kwa kumi. Ongeza sentensi moja kuhusu yale mambo matatu uliyoyachagua. Andika siku uliyoona badiliko la kwanza, na siku uliyohisi mvuto unarudi. Wiki ya sita piga video nyingine kwa mpangilio ule ule, kiti kile kile.

Kwa nini wiki ya sita? Kwa sababu ukirudi kliniki wiki ya 12, dawa imekwisha na shingo imepinda tena. Daktari anakuta mgonjwa yule yule wa mwanzo, mgonjwa anasema "ilisaidia kidogo", na hakuna anayejua ilisaidia wapi. Video ya kilele huonyesha msuli upi ulilegea na upi haukuguswa. Kama kliniki yako inaweza kukuona wiki ya nne hadi ya sita, nenda. Kama haiwezi, daftari na video ndivyo vitakavyokuwakilisha.

Kipindi hiki cha nafuu kitumie. Misuli iliyokuwa ikikaza imelegea, kwa hiyo ndiyo nafasi ya kuinyoosha, na kuipa nguvu ile ya upande wa pili iliyodhoofika kwa kushindwa kila siku. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua distonia atakupa mazoezi mafupi ya kurudishia kichwa katikati, polepole, mbele ya kioo. Mazoezi hayachukui nafasi ya sindano. Na yeyote anayetaka kukuzungusha shingo kwa nguvu hadi ilie, mkatalie.

Hatua ya 8: Awamu ya pili na ya tatu

Hapa ndipo tiba hasa inapoanza. Ukiwa na karatasi ya dozi, daftari na video mbili, mazungumzo na daktari yanabadilika kabisa. Kichwa kimeacha kugeuka lakini sasa kinalalia bega? Kuna msuli ulioachwa. Maumivu yameisha lakini kichwa bado kimepinda? Misuli ya kisogo imepata kipimo chake, wa mbele bado. Ulipaliwa na maji wiki mbili? Dozi ya msuli wa mbele ipunguzwe, au ichomwe sehemu ya juu zaidi ya msuli, na ya nyuma iongezwe. Shingo ililegea mno? Dozi ya misuli ya kisogo ipunguzwe. Nafuu ilikuwa nzuri lakini ikadumu wiki nane tu? Huenda dozi ni ndogo, na suluhisho ni kuongezewa dozi, si kuchomwa mapema.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Kuchomwa kabla ya wiki 12, au kuongezewa kidogo kidogo katikati, hufundisha kinga ya mwili kuitambua sumu na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Zikishajengeka, dawa huacha kufanya kazi. Kwa dawa za sasa, zenye protini chache kuliko zile za miaka ya mwanzo, jambo hili hutokea mara chache, na tungependa libaki hivyo.

Mpe daktari awamu mbili au tatu kabla ya kutoa hukumu. Nasema hivi nikijua kwamba ni miezi sita hadi tisa ya subira kwa mtu anayeumia kila siku. Katika muda huo maumivu yatibiwe kwa njia nyingine pia, na kama huwezi kugeuza kichwa vya kutosha kuona pembeni, usiendeshe gari.

Hatua ya 9: Ikigoma

Kuna kugoma kwa aina mbili. Iwapo hukuwahi kupata nafuu hata awamu ya kwanza, sababu zinazoongoza ni msuli usio sahihi, dozi ndogo, dawa iliyoharibika, au ugonjwa ambao si distonia. Rudi Hatua ya 1, na omba awamu inayofuata ichomwe kwa kuongozwa na altrasaundi au kifaa cha umeme wa misuli. Iwapo ulikuwa ukipata nafuu miaka kadhaa, halafu ikatoweka, fikiria kwanza kwamba ugonjwa umebadilisha misuli, jambo linalotokea sana; kisha kingamwili. Kuna jaribio rahisi la kuzitambua: daktari huchoma dozi ndogo kwenye paji la uso, upande mmoja tu. Wiki mbili tatu baadaye anakuambia ukunje paji. Upande uliochomwa ukishindwa kukunjika, dawa bado inafanya kazi mwilini mwako na tatizo liko kwenye uchaguzi wa misuli. Pande zote zikikunjika sawa, kinga imeizuia, na hapo kuhamia aina B kunaweza kusaidia, kwa kuwa yenyewe hukata protini nyingine.

Vidonge kama triheksifenidili, baklofeni na klonazepamu hutumika kuongezea nguvu ya sindano, ila vinaleta usingizi, na cha kwanza huvuruga kumbukumbu za wazee. Nisingevitegemea peke yake. Kwa distonia kali iliyoshindikana, kuna upasuaji wa kupandikiza nyaya nyembamba ndani ya ubongo, katika eneo liitwalo globasi palidasi, zinazounganishwa na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Kinyume na upasuaji mwingi, nafuu yake huja polepole, kwa miezi, kadiri mipigo ya umeme inavyorekebishwa, na wanaochaguliwa vizuri hufaidika sana. Tathmini yake hufanywa na timu nzima na huchukua muda, kwa hiyo omba rufaa mapema, huku ukiendelea na sindano kama bado zinakupa nafuu yoyote, na uende na karatasi zako zote za dozi pamoja na video.